RAMADHANI, SIKU YA 17: Ubaya wa dhulma unakaa wapi?

 

Vijana wetu wa vyuoni wanarudi na swali hili: kama ulimwengu ni maada tupu, kuna jema na baya kweli, au ni mazoea ya watu tu?

Hebu chukua watu wawili saa kumi alasiri. Mmoja kafunga. Mwingine hajala kwa sababu tajiri wake kamdhulumu mshahara. Wapime damu: wote sukari imeshuka. Hakuna kipimo kitakachokuonyesha kwamba njaa ya kwanza ni ibada na ya pili ni dhulma.

Mwanafalsafa J. L. Mackie, asiyemwamini Mungu, aliandika mwaka 1977 kwamba wema na ubaya ulio nje ya maoni ya watu ungekuwa kitu cha ajabu, kisichofanana na chochote duniani, kwa hiyo haupo. Philippa Foot, naye si muumini, alipita njia nyingine kwenye kitabu chake cha 2001: mizizi mibovu ni kasoro ya kweli ya mti, upende usipende, na udhalimu ni kasoro ya kweli ya mtu.

Usikimbilie kumcheka. Maulamaa wetu wenyewe walivutana hapa. Muutazila walisema akili inautambua ubaya wa dhulma hata kabla ya wahyi; Ash'ari wakasema wajibu na haramu vinathibiti kwa sharia. (Maturidi wana kauli yao, tuiache leo.) Kwa hiyo jirani yako asiyeswali akiumia moyo kwa mshahara ule ulioliwa, usimwambie hajui lolote. Ameona kitu cha kweli.

Ila mfano wa mti unanikwamisha. Mti wenye mizizi mibovu haudaiwi chochote, unakauka, basi. Tajiri yule anadaiwa. Na mfanyakazi akisahau je? Akifa bila kupata pa kushtaki? Maada haina kumbukumbu ya deni, lakini wewe na mimi tunajua deni halijafutika. Linasimama kwa nani? Hapo Mackie atasema tunajidanganya, na Foot mizizi yake haitoshi.

Kwetu sisi jambo hili si la vitabuni tu. Tajiri yule hata akesha kumi lote la mwisho kwa istighfari, toba yake inasubiri mshahara urudi kwa mwenyewe, au kwa warithi wake.