Buibui Huyo Nani Kampima?

Wiki hii nilikuwa saluni nikisubiri zamu yangu ya kunyoa, simu ya kijana mmoja ikawa inazunguka mkono kwa mkono. Ndani yake picha: buibui wa rangi ya mchanga, mrefu kama mguu wa mtu mzima, ananing'inia mbele ya gwanda la kijeshi. Maelezo yake: yuko Iraki, anakimbia kilomita 40 kwa saa, anapiga mayowe, anamla ngamia tumbo angali hai.

Nikauliza, "Nani kampima?" Saluni nzima ikanigeukia. "Mzee, unabishana na picha?" Kinyozi naye, mashine mkononi: "Dunia hii kubwa, Mungu ana maajabu yake." Wakati wananipa somo hilo, buibui mdogo wa ukutani akachungulia nyuma ya kioo. Mwenye simu akavua ndala, akamponda. Marehemu alikuwa hajamkosea mtu.

Picha ile naijua. Ilianza kuzagaa mwaka 2004, enzi za vita vya Iraki. Pale si buibui mmoja. Ni viumbe wawili, mmoja kamng'ang'ania mwenzake, wameshikiliwa karibu kabisa na kamera, askari yuko nyuma yao. Cha karibu huonekana kikubwa, basi. Tena huyo anayeitwa buibui wa ngamia si buibui hasa, ni jamaa yake tu. Akinyoosha miguu yote hapiti sentimita 15 hivi. Ngamia hamli, anakula wadudu na mijusi midogo. Mbio anazo, lakini hata wanaomsifia humpa kama kilomita 16 kwa saa. Na akikuandama jangwani, anachokitafuta ni kivuli chako, maana jua kali halipendi.

Najua msomaji mmoja atasema: wewe nawe, stori za saluni zinakuuma nini? Waache watu wacheke. Ningewaacha, kama wangekuwa wanacheka. Walikuwa wanaamini, na aliyeuliza kipimo ndiye aliyeonekana mkorofi. Simu hiyohiyo kesho italeta mzizi unaoponya kisukari kwa siku tatu, na aliyemeza buibui bila kuuliza ataumeza na mzizi.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba chumvi yenyewe haihitajiki. Misitu ya kaskazini mwa Amerika Kusini ina buibui aitwaye Goliath, miguu yake ikinyooshwa hufika sentimita 28 hivi, uzito wake kama gramu 170. Laos yuko mwingine, aliyetambulishwa na wataalamu mwaka 2001, mwenye miguu inayofikia sentimita 30. Hao wamepimwa. Ukimkuta mmoja bafuni utatoka mbio na sabuni mwilini. Unataka nini tena?

Kuna wanaoona kuhoji ni kumvunjia mtu heshima, lakini wataalamu hujihoji wenyewe. Mwaka 1980 mtaalamu wa Argentina, Mario Hünicken, alitangaza kisukuku alichokiita Megarachne, akidhani ni buibui mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi. Kikaingia vitabuni. Mwaka 2005 uchunguzi mpya ukaonyesha kwamba hakuwa buibui kabisa, bali kiumbe wa majini wa kale wa ukoo wenye umbo la nge. Miongoni mwa walioandika masahihisho hayo alikuwemo Hünicken mwenyewe. Hakununa wala hakuwaambia watu dunia ni kubwa. Akapima upya, akasema.

Maajabu ya Mungu hayapungui kwa kupimwa kwa rula. Kinachopungua ni uongo wa watu. Wahenga wa mjini wameshasema: akili za kuambiwa, changanya na zako. Kwa hiyo ndugu yangu, ukiletewa buibui mwenye ukubwa wa mbuzi, uliza kapimwa na nani, wapi, na alikuwa umbali gani na kamera. Ukikosa jibu, usimtumie mtu mwingine. Na ndala ibaki mguuni.