Barafu imekwenda, tuushike udongo

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), aliyeifananisha milima na vigingi (An-Nabaa, 78:7).

Ndugu Waislamu wa Nkwenda, barafu iliyo karibu nasi ni ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo. Mwaka 1906 ilifunika kilometa za mraba zipatazo 6.5. Kufikia 2003 haikufika hata moja. Na Mei 2020, mvua kubwa zilipopiga huko, mto Nyamwamba ulifurika ukashusha mawe hadi hospitali ya Kilembe, Kasese.

Barafu ile sisi hatuwezi kuirudisha. Je, vilima vyetu? Mtu anachoma nyasi ambazo angezitandaza migombani, kisha analima mteremkoni bila makinga maji. Mvua ya kwanza, udongo wake uko bondeni, juu ya maharage ya jirani anayeswali naye safu moja! Hiyo ni dhulma, hata kama hakukusudia.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mti aupandao Muislamu, akala humo mtu, ndege au mnyama, ni sadaka kwake. Basi tuchimbe makinga maji na tupande miti kabla ya vuli. Ardhi ni amana, nasi tutaulizwa.

Wabillahi tawfiq.