Umenunua Nyumba, Hukununua Vya Watu

Wajukuu zangu, naona mnavyokimbilia viwanja hapa Rumonge. Pesa ya mawese na ndagala imewatia nguvu, na kununua si kosa. Ninachokiogopa ni huo usemi wenu, "Nimenunua na vilivyomo." Nani kakwambia?

Muuzaji hukupa kilicho chake tu. Stoo ya nyuma yaweza kuwa na mashine ya mtumbwi ya shemeji yake, nyavu alizowekeshwa na mvuvi wa Minago, au magunia ya mpangaji. Muuzaji akihama usiku, hivyo havijawa vyako. Mwenyewe akija na mashahidi, utaitwa mwizi ndani ya nyumba uliyoilipia.

Pwani hii imeumizwa sana na mali iliyoachwa. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulilipuka huku kusini mwa Burundi, Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua, na jeshi likalipiza kwa mauaji makubwa zaidi. Wengi waliookoka walikimbilia Tanzania, wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Nyuma yao zilibaki nyumba, mashamba na michikichi inayozaa. Wapo walioingia wenyewe, wapo waliogawiwa na serikali, na mradi wa michikichi ukapanga mashamba upya hata mipaka ya zamani ikapotea. Kisha watu wakauziana. Wa tatu alinunua kwa wa pili, kwa jasho lake, bila kujua kitu.

Wenyewe wakarudi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulikwisha kusema wakimbizi warudishiwe mali zao au wafidiwe, na mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Mwanzoni tume ilipendelea kuwagawia aliyerudi na mnunuzi shamba nusu kwa nusu. Baada ya 2011, chini ya mwenyekiti wake Sérapion Bambonanire, ikaegemea kumrudishia mwenye asili vyote. Mnunuzi mwenye karatasi mkononi akabaki kumdai aliyemuuzia, ambaye pengine keshakufa. Mimi ile nusu kwa nusu niliipenda zaidi, ingawa wapo waliorudi ambao hawatanisamehe kwa neno hili.

Tangu sheria ya ardhi ya 2011, komini hutoa cheti cha ardhi. Kichukueni, lakini jueni kwamba kinahusu ardhi na mipaka yake. Juu ya nyavu na mashine hakisemi neno.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, waulizeni wazee wa jirani ni nani aliyepanda michikichi ile, na kama kuna aliyezikwa pale. Waiteni bashingantahe, wale wazee wasuluhishi, na mkuu wa mtaa. Kila kilichobaki kiandikwe, na muuzaji atie sahihi: hiki nauza, hiki nitakifuata, tarehe fulani. Na mkishalipa mkakuta stoo ina kufuli, msilivunje. Mpigieni muuzaji simu kwanza, mbele ya watu.