Je, Kura Ina Bei?

Msomaji, ukifika Busia au Malaba, upande wa Kenya, utaona kwamba karibu kila kitu kina bei, na karibu kila kitu huvuka mpaka. Mahindi huvuka, samaki huvuka, vitunguu na nguo huvuka. Malori yatokayo Mombasa hupanga foleni yakingoja kuingia Uganda, na mengine huendelea hadi Rwanda na Sudan Kusini. Wabadilishaji fedha husimama na shilingi za nchi mbili mkononi, nao hukutajia thamani ya moja kwa nyingine bila kutazama daftari. Hata undugu huvuka: Wateso na Wasamia wako pande zote mbili, na mtu aweza kulala kwa shangazi yake Uganda, akaamka na kwenda sokoni Kenya.

Mahali kama hapo, palipozoea kupima mambo kwa shilingi, pafaa sana kuulizwa swali hili: je, kura nayo ina bei? Swali hili si geni. Lakini huwa kali kuliko kawaida wakati wa uchaguzi mdogo, nami nitakueleza kwa nini.

Uchaguzi mdogo hufanywa ili kujaza kiti kilichoachwa wazi kabla ya muda wake kwisha. Mbunge aweza kufariki, aweza kujiuzulu, au aweza kuteuliwa kuwa waziri, maana Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 hairuhusu mtu mmoja kuwa mbunge na waziri pamoja. Katiba hiyo yaagiza kwamba Spika aiarifu Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka katika siku 21, na kwamba kura ipigwe katika siku 90 tangu kiti kuwa wazi, isipokuwa uchaguzi mkuu ukiwa karibu sana. Haraka hiyo ina maana. Kiti kitupu ni watu wasio na msemaji.

Jambo hili lilionekana wazi katika miaka ya karibuni. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 Tume haikuwa na makamishna, na viti vilivyoachwa wazi vilibaki hivyo. Ugunja, iliyo katika barabara ya kutoka Kisumu kuja Busia, ilikosa mbunge tangu mwaka 2024, mbunge wake alipofanywa waziri. Banissa, iliyo mpakani pia, lakini mpaka wa Ethiopia, ilikaa zaidi ya miaka miwili na nusu baada ya mbunge wake kufariki Machi 2023. Watu hao walilipa kodi kama wengine, lakini hawakuwa na mbunge wa eneo lao wakati Bunge likigawanya fedha za kodi hiyo. Ilipofika tarehe 27 Novemba 2025, ndipo walipopiga kura, pamoja na Malava na maeneo mengine. Basi yeyote asemaye kwamba kiti kimoja si kitu, na awaulize watu wa Banissa.

Sasa fikiri kwamba kiti kimojawapo katika maeneo bunge 7 ya Kaunti ya Busia kimeachwa wazi. Katika uchaguzi mkuu, nguvu na fedha za vyama hutawanyika katika maeneo bunge 290. Katika uchaguzi mdogo, nguvu zote hizo zaweza kumiminika mahali pamoja. Magari makubwa hufika, viongozi ambao hawakuonekana kwa miaka hufika, na barabara iliyosahauliwa hukumbukwa. Watu hutabasamu na kusema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mtazame mama mmoja auzaye dagaa Malaba. Siku hiyo hakuuza kitu. Jioni kijana amjia na pakiti ya unga wa kilo mbili, na noti imekunjwa juu yake. Asema, "Mama, umkumbuke mheshimiwa." Nyumbani watoto wangoja. Je, akatae?

Usijibu upesi, msomaji. Ni rahisi mtu aliyeshiba kumfundisha mwenye njaa uadilifu. Tumsikilize mama kwanza, kwa kuwa ana hoja tatu. Ya kwanza ni kwamba watoto wake wana njaa leo, na uchaguzi ni kesho kutwa. Ya pili ni kwamba huenda fedha hizo ni za wananchi, na kwa hiyo achukuapo achukua chake. Ya tatu, iliyo na nguvu kuliko zote, ni kwamba kura ni siri: atapokea unga, kisha atamchagua amtakaye, na hakuna atakayejua.

Hoja ya kwanza sitaijibu kwa lawama. Kama kuna aibu katika jambo hilo, sehemu yake kubwa ni ya yule aliyeingoja njaa ya mwenzake ili aifanyie biashara. Hoja ya pili yaonekana nzuri, lakini haisimami. Mtu aliyeibiwa ng'ombe hashukuru kupewa kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe huyo. Kama mali ni yake, na adai ng'ombe.

Ili kuipima hoja ya tatu, twende barabarani. Neno bodaboda, lijulikanalo sasa kotekote Afrika Mashariki, lilizaliwa katika mpaka huu. Kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nchi ya pili palikuwa na mwendo, na vijana wenye baiskeli waliwabeba abiria na mizigo kutoka boda hadi boda. Abiria alipanda, akafikishwa, akalipa, akaenda zake. Baada ya nauli hakuna kati yao aliyemdai mwenziwe. Hiyo ni biashara ya haki, wala haina lawama.

Lakini ona yatokeayo mgombea anapokulipa. Amekugeuza baiskeli. Umempeleka Bungeni naye amelipa nauli, basi akifika hushuka na kwenda zake, wala hakudai wala humdai. Ukimfuata baada ya mwaka mmoja kumwuliza habari za zahanati au za daraja, moyoni mwake anayo stakabadhi. Aliyenunua hadaiwi.

Mama atasema, "Lakini mimi sikumchagua huyo, nilikula unga wake nikampa kura mwingine." Huenda ni kweli. Hata hivyo, wote waliomwona akipokea wamejifunza kwamba hivyo ndivyo kura zitafutwavyo. Uchaguzi ujao, mtu mwema asiye na fedha, pengine mwalimu au muuguzi, atasimama mbele ya watu hao na kuulizwa amekuja na nini, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Hivyo ujanja wa mama umemfungia mlango mtu yuleyule ambaye angependa kumchagua. Siri ya kura iliwekwa ili mnyonge aweze kusema kweli bila hofu. Akiitumia kufunika udanganyifu, ameipunguzia heshima ngao yake mwenyewe. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2016 kuhusu makosa ya uchaguzi humhesabu mtoaji na mpokeaji wa hongo kuwa wakosaji wote wawili.

Wala bei si fedha tu. Uchaguzi mdogo mara nyingi huja nyuma ya jeneza, na huruma nayo huomba kura. Mwaka 2012, huko Arumeru Mashariki, Tanzania, mtoto wa mbunge aliyefariki alisimama kugombea, na wapiga kura wakamchagua mwingine. Mwaka 2025, huko Kasipul, Kenya, mtoto wa mbunge aliyeuawa alisimama, nao wakamchagua yeye. Mtoto wa marehemu ana haki ya kugombea kama raia mwingine yeyote, na aweza kuwa bora kuliko wote. Lakini achaguliwe kwa uwezo wake. Rambirambi hupelekwa matangani. Kituo cha kura si mahali pake, maana kiti hakikuwa mali ya marehemu hata kirithiwe.

Pengine wewe, msomaji, hujatimiza miaka 18, na kura yako ya kwanza i mbali. Lakini shuleni kwenu huchaguliwa viranja. Yuko anayegawa biskuti usiku wa kuamkia uchaguzi, na yuko anayeomba kura kwa sababu mnatoka kijiji kimoja. Siku utakapopokea biskuti ile, kisha ukaona chakula cha bwenini kimeharibika na kiranja amenyamaza, utakuwa umelielewa jambo hili kuliko niwezavyo kulieleza.

Mwisho turudi kwa mama yetu Malaba. Yeye ni mfanyabiashara, na hesabu aijua. Mtu akiwa na deni lake la shilingi elfu, kisha akaleta shilingi kumi na kusema, "Sasa tumemalizana," mama hatazipokea hata awe na njaa, kwa kuwa ajua akizipokea hivyo ameifuta elfu. Mbunge humdai mama siku moja tu, siku ya kura. Mama humdai mbunge siku zote zilizobaki. Basi kijana ajapo na pakiti yake, swali la kumwuliza ni moja tu: "Mwanangu, unanilipa deni, au unalifuta?"