Utu Uzima ni Kukubali Deni

Hivi mtu anaweza kutolewa mwali akiwa na wajukuu? Ukiuliza swali hilo huku kwetu Uluguru utachekwa. Mwali huwekwa ndani, hufundwa, hutolewa kwa ngoma, basi. Mambo yana wakati wake, na mkunjo wa samaki ni angali mbichi.

Wayahudi wana jibu tofauti, na nimekuwa nikilitafakari kwa muda sasa. Kwao mvulana akitimiza miaka 13, na msichana 12, huhesabiwa mtu mzima mbele ya sheria ya dini. Mvulana huitwa bar mitzvah, maana yake mwana wa amri, na msichana bat mitzvah. Siku ya sherehe huitwa mbele ya waumini wenzake asome Torati. Ila utu uzima wenyewe hausubiri sherehe. Umri ukifika, usome usisome, umeshaubeba mzigo.

Sasa kama ni hivyo, kwa nini wapo wanaofanya sherehe hiyo wakiwa na miaka arobaini, sitini, hata zaidi? Wengine ni wanawake ambao utotoni hawakupewa nafasi. Wengine walikulia mahali ambapo dini yao ilifichwa. Wengine huirudia wakifika 83, kwa hesabu kwamba umri wa mwanadamu ni miaka 70, na baada ya hapo unahesabu upya hadi 13. Mwigizaji Kirk Douglas alifanya hivyo mwaka 1999. Na wapo wanaowaambia wageni: msiniletee zawadi, changieni wanajeshi wastaafu wapelekwe milimani na mitoni, wapumzishe akili zilizochoshwa na vita.

Najua kuna msomaji ameshasema, "Haya, mambo ya Wazungu hayo." Subiri kidogo ndugu yangu. Tuvuke ziwa kwanza twende Uganda.

Karibu na mji wa Mbale wanaishi Abayudaya, Waganda wanaofuata dini ya Kiyahudi tangu kiongozi wao Semei Kakungulu alipoikubali mwaka 1919. Idi Amin alipotawala aliipiga marufuku dini hiyo. Wengi wakahamia Uislamu au Ukristo, wachache wakasali kwa kujificha. Mtoto wa Abayudaya aliyezaliwa 1962 alitimiza miaka 13 mwaka 1975, katikati ya marufuku. Utu uzima ulimfikia, lakini ilikuwa hatari kusimama mbele ya watu na kusoma kwa sauti.

Mlango huo ulifunguliwa na nani? Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivamia Kagera. Mwalimu Nyerere akatangazia taifa kuwa uwezo, sababu na nia ya kumpiga tunavyo. Wanajeshi, mgambo, vijana wa JKT wakaenda. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Jioni ya siku hiyohiyo ilianza Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani. Hakuna ofisa wa JWTZ aliyepanga vita kwa kalenda ya Kiebrania, lakini ndivyo ilivyotokea.

Kwa hiyo tuseme huyo mtu wa 1962 ameamua leo, ukubwani, kusimama na kusoma. Tuseme anataka sherehe yake iwe na mchango. Je, ana deni kwa wazee wa Kitanzania waliopigana mwaka ule?

Utasema hana. Askari wetu walikwenda kukomboa Kagera, wengi wao hata hawakujua kama Uganda kuna Wayahudi. Na Waganda wengi wana kumbukumbu chungu za miaka iliyofuata baada ya Amin. Hoja hizo zina uzito, sizikwepi. Lakini ukifuata hoja ya kwanza mpaka mwisho, utajikuta huna deni kwa karibu mtu yeyote. Aliyepanda mwembe unaokupa kivuli hakukujua. Bibi aliyechimba matuta ya kwanza kwenye mteremko unaolima leo hakukufikiria wewe. Tungelipa fadhila zilizokusudiwa sisi tu, dunia ingekuwa kavu sana. Kwangu mimi mtoto hutofautiana na mtu mzima hapo. Mtoto anadhani alivyo navyo vilikuwepo tu. Mtu mzima anauliza vilitoka wapi, kisha anakubali deni hata kama hakuna anayemdai.

Ndiyo maana naona sherehe ya ukubwani ina maana. Umri hukupa hadhi bila kukuuliza. Kulikubali deni mbele za watu, hilo unalifanya mwenyewe, na halina muda wa kwisha.

Sasa turudi milimani. Mgeta inaijua vita. Mwishoni mwa 1916 Waingereza na Wajerumani walikabiliana kwenye mto unaobeba jina hilohilo, huku askari na wapagazi Waafrika wakifa kwa risasi, njaa na homa. Leo ukipanda kutoka Morogoro unakutana na kabichi, njegere, matunda damu, na baridi ya kukulazimisha kuvaa sweta mchana. Kuna mzee mmoja huku juu aliyekwenda Uganda akiwa kijana. Haongei habari za vita. Alfajiri yuko shambani, akipalilia hata pale pasipo na magugu. Nilipomuuliza kwa nini asipumzike, alinijibu, "Mwanangu, shamba haliniulizi kitu."

Wataalamu wana majina ya jambo hilo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa, ambao dirisha lao lilitazama miti, walipona upesi kuliko wenzao waliotazama ukuta wa matofali. Wajapani walikuwa wameshaanza mwaka 1982 kuhimiza watu kwenda kutulia msituni kama sehemu ya afya. Mzee wetu hakusoma hayo, alitafuta dawa yake mwenyewe kwa jembe.

Lakini tusidanganyane kwamba mlima unatosha. Jembe ni kazi, na mgongo wa mzee wa miaka sabini unajua hivyo. Na mwenzake aliyestaafia kwenye chumba kimoja Tandika, ambako dirisha linatazama ukuta wa jirani, atafikaje kwenye ukungu wa Uluguru? Anahitaji nauli, mahali pa kulala, mtu wa kumsindikiza, na mwenzake wa vitani wa kukaa naye kimya. Hivyo vinanunuliwa kwa pesa, wala si pesa nyingi.

Na sisi Watanzania kuchanga tunajua. Kadi ya single, kadi ya double, kamati ya vinywaji, kundi la WhatsApp linalokukumbusha ahadi yako saa nne usiku. Tunachanga harusi, sendofu, kipaimara, msiba. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, tunatazama mkuki na ngao vikiwekwa kwenye mnara, tunazima televisheni. Shujaa aliyekufa tunamkumbuka kwa gwaride. Aliye hai, na halali usiku, tunamwachia mkewe.

Kuna atakayesema hiyo ni kazi ya serikali. Sawa, pensheni na matibabu ni haki yao, na mchango wa sherehe usiwe kisingizio cha mtu kukwepa wajibu. Ila hebu tazama maneno. Wayahudi huita utoaji wao tzedaka, neno lenye shina moja na neno la Kiebrania la haki. Nalo ni ndugu wa neno letu sadaka, lililotujia kwa Kiarabu, kwenye ukoo uleule wa kusadiki, yaani kushika jambo kuwa kweli. Sisi sadaka tumeifanya kitu cha kumdondoshea aliye chini. Shina lake linasema mengine: unatoa kwa sababu kuna ukweli fulani umeukubali. Ukitoa hivyo, mzee anayepokea hana haja ya kuinamisha kichwa, maana analipwa.

Kwa hiyo wewe unayetimiza arobaini au hamsini mwaka huu, na kamati imeshaanza kujadili ukumbi, kabla hujachapisha kadi jiulize nani alikuvusha hadi hapo bila kukujua. Akiwa bado hai, jina lake litangulie la mpishi kwenye bajeti.