Nia ya Simba-watu wa Singida

Mtazamaji wa tamthilia, aonapo mtu ameuawa, hutafuta nia katika moyo wa yule aliyeshika kisu. Kwa Brutus hatafuti sana: katika Juliasi Kaizari, tafsiri ya Mwalimu Nyerere, muuaji huyo hutaja sababu yake hadharani, na mkono ni wake mwenyewe.

Mauaji ya Singida ya miaka ya 1946 hadi 1948 hayakubali kipimo hicho. Katika nchi ya Wanyaturu walikutwa maiti wenye majeraha mfano wa makucha ya simba. Upelelezi ukawafikia binadamu, na baadhi yao wakanyongwa. Ilisemwa kuwa walikuwamo vijana waliofugwa na waganga, wakakodishwa kwa mwenye kinyongo na jirani yake. Ikiwa ndivyo, chuki ilikaa nyumba moja, ujira nyumba ya pili, na makucha yalikuwa mkononi mwa kijana asiyemjua marehemu. Nani basi aliua?

Wote waliua, husema jibu jepesi. Sheria yaweza kuridhika nalo. Maadili hayaridhiki upesi. Kijana alikuwa na tendo bila chuki. Aliyemkodi alikuwa na chuki bila tendo, na ngozi ya simba ilimpa zaidi ya maficho: ilimwezesha kuketi matangani na wafiwa, akalia nao, akamlaani mnyama. Huenda hata yeye alikaribia kuusadiki uongo huo. Kwa hiyo hatia yake ni nzito kuliko ya Brutus, ambaye angalau hakumtwika hayawani nia yake.