Ayubu Tunayemkatisha

Ukihudhuria misiba ya Wakristo hapa kwetu utamkuta Ayubu amefika kabla ya jeneza. Yumo kwenye tangazo la kifo, yumo kwenye fulana za waombolezaji, yumo kwenye salamu za rambirambi kutoka kazini kwa marehemu, na mara nyingi atabaki pale msalabani baada ya watu wote kuondoka: Mungu ndiye aliyetupa, Mungu huyo huyo amechukua, jina lake na lisifiwe. Ni maneno mazito na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba tumemkatisha mzee wa watu katika sura ya kwanza, ilhali kitabu chake kina sura 42.

Hata hiyo sura ya kwanza hatuisomi yote. Siku hiyo Ayubu alikuwa amepokea habari mfululizo: ng'ombe na punda wametekwa, kondoo wameungua, ngamia wameporwa, watumishi wameuawa, kisha nyumba imewaangukia wanawe wote kumi. Akasimama, akararua joho lake, akanyoa kichwa, akaanguka chini. Baada ya hapo ndipo aliposema yale tunayoyachapa kwenye fulana. Sisi tunachukua usemi wake na kuacha nguo iliyoraruka.

Kurasa mbili mbele, katika sura ya tatu, mtu huyo huyo anailaani siku aliyozaliwa na kuuliza kwa nini hakufia tumboni mwa mama yake. Rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walikuwa wamekwisha kufanya jambo jema kuliko yote watakayofanya katika kitabu kizima: walilia naye, wakakaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno, maana waliona maumivu yake ni makubwa mno. Alipofungua kinywa kulalamika, subira yao ikaisha. Mungu ni mwenye haki, wakamwambia, basi lazima kuna ulichokosea. Bildadi akathubutu kumdokezea baba aliyetoka kufiwa kwamba labda watoto wake walilipwa kwa dhambi zao. Ndivyo wanavyoendelea sura baada ya sura, kila mmoja na lugha yake nzuri ya dini, hadi mwishoni kabisa Mungu anapomwambia Elifazi kwamba amemkasirikia yeye na wenzake wawili, kwa sababu hawakusema yaliyo sawa kama Ayubu. Ayubu yupi? Yule yule aliyekuwa akipiga kelele. (Ni kweli, Ayubu naye alipewa makavu yake kutoka katika upepo wa kisulisuli. Lakini alipewa na Mungu mwenyewe, si na kamati ya mazishi.)

Kwa nini basi tunamkatisha? Jibu ninaloliona halinipendezi: faraja nyingi tunazotoa ni za kujifariji sisi. Mtu akilia mbele yako hujui mikono uiweke wapi. Machozi yake yanakugusa mahali ulipokuwa umeshapafunga. Aya ikikutoka haraka, yeye ananyamaza na wewe unapata pa kupumulia. Ndipo tunapowaambia wenzetu: jikaze, usilie, unamkufuru Mungu, wewe mwanamume, wanao wanakutazama. Kisha tunaita hiyo imani, na yule aliyenyamaza tunamsifu kwamba amekomaa kiroho. Mimi nasema amenyamazishwa tu.

Jambo hili si geni, wala si letu peke yetu. Mtakatifu Agustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa Thagaste katika nchi ambayo leo ni Algeria, na ambaye chuo kikuu cha Mwanza kimebeba jina lake, ameliandika vizuri katika Maungamo. Mama yake, Monika, alifia Ostia mwaka 387. Mama alipokata roho, Adeodato, mwana wa Agustino, aliangua kilio, na watu wazima wote waliokuwamo chumbani wakamnyamazisha. Waliona kilio hakifai kwa mama aliyekufa katika matumaini. Agustino naye akayabana machozi yake, akazika bila kulia, akaenda kuoga akidhani maji yatamwondolea huzuni. Hayakumwondolea. Usiku alilala, akaamka, na hatimaye akalia mbele ya Mungu, bila mtu wa kumwona. Miaka mingi baadaye, akiwa askofu anayeheshimika, bado alijihisi ana deni la kuwaeleza wasomaji wake kwamba alimlilia mama yake kwa sehemu ndogo ya saa. Mimi namfikiria zaidi yule kijana. Alikuwa sahihi kuliko wote, na ndiye aliyeambiwa nyamaza.

Familia yetu ina pande mbili, na upande wa baba, kule Pangani, ni Waislamu. Huko nako nimewasikia watu wakiambiwa kwamba kumlilia maiti ni kumtesa, na mjane akitazamwa vibaya kwa sababu kwikwi zimemshinda. Lakini Mtume mwenyewe alilia. Mwanawe Ibrahim, aliyezaliwa na Bi Mariya Mkibti, alifariki Madina akiwa bado wa kunyonya, na Mtume machozi yakamtoka. Abdurrahman bin Auf akashangaa kuona hata yeye analia. Akaelezwa kwamba hiyo ni rehema, kwamba mtu macho yake hulia na moyo wake hushikwa na huzuni, na kinachochungwa ni ulimi usiseme la kumchukiza Mola. Kilichokatazwa ni kujipiga mashavu, kurarua nguo na kupayuka maneno ya kijahiliya. Siku hiyo jua lilipatwa, na watu wakaanza kusema limepatwa kwa ajili ya kifo cha mtoto wa Mtume. Akawakatalia: jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Kisa hiki nakipenda kwa sababu ya pande zake mbili. Baba analia kama baba mwingine yeyote, halafu anakataa kilio chake kisigeuzwe muujiza.

Wazee wetu wa kimila nao walilijua hili, na walikuwa na mtu wa kazi hiyo: mtani. Mngoni akifiwa, Mhehe hafiki kulia tu, na Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi hivyo hivyo. Mtani huja na vituko vyake. Ataiga mwendo wa marehemu, atamtania kwa uchoyo wake au kwa ulevi wake, atavaa koti lake, na pengine ataingia kaburini na kukataa kutoka hadi apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku kamasi zinawatoka. Aliyekuwa na kinyongo na marehemu, na misiba mingi ina vinyongo, anasikia kinyongo chake kikisemwa hadharani na mtu asiyeweza kuchukiwa. Siku hizi nimeona misiba ambayo mchungaji anawaomba watani watulie ili ibada iendelee kwa heshima. Namwelewa, ratiba ni ratiba. Ila najua pia kwamba mtani huleta mbele ya jeneza mambo ambayo hotuba ya wasifu wa marehemu imeyasafisha yote.

Nimekaa sana kwenye huzuni kwa sababu msiba ndio unaotufichua. Lakini tunafanya hivyo hivyo na hasira, wivu, woga na aibu. Tunapoenda kusali tunavaa moyo wa sikukuu. Tunamshukuru Mungu kwa uzima, tunawaombea wagonjwa na wasafiri, tunasema amina, na muda wote huo kuna jambo limekaa kifuani ambalo hatujamtajia, kana kwamba haoni.

Bibi yangu mzaa mama, Mwanglikana wa Muheza, hakuwa na adabu hiyo. Alisali kwa sauti alfajiri, na sisi wajukuu tuliolala chumba cha pili tulisikia yote. Baada ya Baba Yetu alikuwa akifungua faili. Alimweleza Mungu kwamba mke wa jirani amefungulia mbuzi tena kwenye mihogo yake, na kwamba leo asimwombe amsamehe kwa sababu hajafikia huko. Alimwuliza kwa nini mwanawe mkubwa haandiki barua. Siku nyingine alinuna kabisa, akasema kwa ufupi kwamba leo hana la kusema, akaenda kuwasha moto. Wakati ule tulijifunika shuka tukicheka. Leo ninaona kwamba yule bibi alikuwa na uhusiano na Mungu, wakati wengi wetu tuna mawasiliano ya kiofisi. Na yule mke wa jirani, kwa taarifa, alisamehewa, ila ilichukua mavuno mengi ya mihogo, na nina hakika kila hatua ya msamaha ule ilipita kwenye ile sala ya alfajiri.

Imam Ghazali angemwelewa bibi. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nidhamiya kule Baghdad, msomi aliyesikilizwa na mamia, ulimi wake uligoma. Alitaka kufundisha walau siku moja ili awaridhishe wanafunzi, neno halikutoka. Chakula hakikushuka. Waganga wakasema ugonjwa umeanzia moyoni na kuingia mwilini, hakuna dawa hadi moyo utulie. Alikuwa amegundua kwamba alifundisha dini kwa kutafuta jina na cheo. Akaondoka Baghdad, na katika kitabu chake kikubwa, Ihya, alitenga robo nzima kwa maradhi ya moyo: hasira, kinyongo, husuda, kiburi, kupenda sifa. Anaandika kama mtu aliyeyaona kwa karibu. Hasira, kwake, si ya kung'olewa. Asiye nayo kabisa ana upungufu. Anaifananisha na mbwa wa mwindaji: akifunzwa atakuletea kitoweo, asipofunzwa atakung'ata wewe mwenyewe. Lakini huwezi kumfunza mbwa unayedai hayupo.

Najua kuna atakayesema sasa hivi hisia zimezidi, si kwamba zimepungua. Kweli, ipo mikutano ya maombi ambapo kinanda kinapigwa taratibu hadi ukumbi mzima unalia, na wapo wanaopima uwepo wa Roho kwa wingi wa vitambaa vilivyolowa. Siyo ninayoyasema. Machozi yanayovutwa na kinanda huisha kinanda kikizimwa, na mtu anarudi nyumbani na ugomvi wake na ndugu yake ukiwa mzima, haujaguswa.

Mfano ninaoutaka mimi ni wa Nabii Yaakub katika Sura Yusuf. Anasema atasubiri subira njema, kisha analia miaka hadi macho yake yanapofuka kwa huzuni. Hakuona kwamba kimoja kinakanusha kingine. Wanawe wanachoka naye. Hutaacha kumtaja Yusuf, wanamwambia, hadi ujimalize. (Elifazi na wenzake wako kila mahali.) Anawajibu kwamba hakuwalalamikia wao, anampelekea Mungu huzuni yake. Na aya inayofuata mara moja ni amri: nendeni wanangu, mkamtafute Yusuf na ndugu yake, wala msikate tamaa. Aliyekuwa akilia miaka yote ndiye pekee nyumbani aliyekuwa bado anaamini kuna wa kutafutwa. Wale waliokuwa na macho makavu walishamzika Yusuf zamani.

Lipo moja zaidi, kwa viongozi wetu wa dini. Kuna huzuni ambayo si ya kuombewa peke yake. Sonona ni ugonjwa, na ni ukatili kumwambia mgonjwa wa sonona kwamba imani yake ni haba. Nabii Eliya, mara tu baada ya ushindi wake mkubwa pale Karmeli, alikimbilia jangwani, akaketi chini ya mti na kumwomba Mungu amchukue, amechoka. Malaika aliyetumwa hakumkemea wala hakumkumbusha mafanikio yake. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, akamwamsha ale, kwa maana mwendo uliokuwa mbele ulimzidi nguvu. Hakuna sauti ya Mungu iliyomhoji mpaka alipofika Horebu, siku 40 baadaye, na miguu iliyomfikisha huko ilitembea kwa nguvu za chakula kile.